Bodi ya Shemeji

Muuza kompyuta alilipiga boksi la bodi mama ya kompyuta kofi la mapenzi. "Shemeji, bodi hii ni chuma. Funga hii, ulale usingizi."

Mke wa kaka yake hakuja kubembelezwa. Bodi ya aina hiyohiyo ndiyo iliyoiua kompyuta ya duka lake la kuchapisha, na njiani alikuwa amepitia kwa fundi, akapekua kreti la bodi mbovu mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Kreti la fundi limejaa hizi," alisema.

"Zinakufa nyingi kwa sababu zinauzwa nyingi!"

Jibu lilikuwa na akili, hilo alikiri moyoni. Basi akazunguka kaunta bila hodi, akachungulia ubavu wa kioo wa kompyuta ya shemeji mwenyewe. Ndani mlikuwa na bodi ya kampuni nyingine kabisa.

"Hiyo... hiyo ni ya kazi, shemeji," alibabaika.

"Kwani yangu ni ya kuchezea?" Akamsukumia boksi lake kifuani. "Nipe kama hii. Na nenda kanishtaki kwa kaka yako. Mwambie nimekataa unayouza, nimetaka unayotumia."