Duara la Kumi na Tisa

Kandambili ya fundi cherehani ilikuwa ya kumi na tisa. Tangu gonjwa liingie, wateja walipanga viatu mbele ya benki, kila kimoja ndani ya duara lake la chaki, wenyewe wakasubiri kivulini mbalimbali wasikaribiane. Tangu alfajiri hakuna kiatu kilichosogea.

Mumewe alikuwa hospitali, na mtungi wake wa oksijeni ungeisha adhuhuri. Wa pili haufunguliwi mpaka ulipiwe. Hela alikuwa nazo, na hilo ndilo lililomuuma. Gonjwa lenyewe ndilo lililomjazia akiba: alishona barakoa mpaka vidole vikaota sugu. Wiki mbili nyuma, benki ndogo ya sokoni ilipoanza kunong'onwa kuwa itaanguka, aliwahi kabla ya wenzake, akatoa zote, akazileta hapa kwenye jengo la vioo. Majirani walimwita mjanja. Naye alijiona mjanja, maskini.

Saa tano meneja alitoka, kijana mwenye shati lililonyooka, mlinzi ubavuni.

"Tumefunga. Mtatangaziwa."

"Mwanangu, mgonjwa wangu hana pumzi," fundi alisema. "Nipe hata za mtungi mmoja."

"Mama, hela zenu tuliikopesha benki ya sokoni ili isianguke. Imeanguka nazo."

"Lakini mimi zangu nilizitoa huko huko."

"Ndiyo hivyo. Zilirudi."

Wajinga ndio waliwao, husema watu. Yeye aliliwa kwa akili zake timamu.

"Na za wakubwa zenu nazo zimo humo?"

"Wakubwa walichukua zao Ijumaa," mlinzi alijibu. Meneja akamkata jicho.

"Rudi kwenye duara lako, mama. Mita moja, tafadhali. Tunajali afya yako."

Akaingia ndani. Mlinzi akafunga mlango kwa mnyororo na kufuli, bila kumtazama mtu.

Simu ya fundi iliita saa sita na nusu. Alikuwa muuguzi wa wodini.

"Mama, ya mtungi usihangaike tena. Njoo na shuka."

Hakulia. Alikwenda kwenye foleni, akaitia mguuni kandambili yake. Hajapiga hata hatua mbili, wa ishirini alishasukuma kiatu chake kwenye duara aliloliacha fundi, wa ishirini na moja akafuata, na foleni yote ya nyuma ikasogea mbele, kuelekea kwenye kufuli.