Chipu ya Kufukuzia Ndege

Mume wangu Fulgence ana akili, hilo silikatai. Lakini akili zake ni za miwa. Amekulia kambi za kiwanda cha sukari kule Kidatu, na ndiko alikofanya kazi ya ufundi umeme. Miwa haina ndege wa kufukuza.

Mwaka ule wa tisini na saba habari ilikuja kwa treni kutoka Mlimba: mama amezidiwa, ananiita. Nami niko Ifakara, mpunga unakomaa, ndege kweleakwelea wanashuka makundi kwa makundi. Ukiacha kuamia, kukaa shambani ukiwafukuza, siku moja tu, umelima bure na mwaka mzima mtalala njaa. Majirani nao kila mmoja kashikwa na lake.

Fulgence, aliyekuwa akija nyumbani Jumamosi tu, akasema ataniundia mashine ya kuamia. Mota ya printa mbovu ingevuta kamba yenye makopo, iachie, ivute tena. Kompyuta ndogo kama ukucha ingeipangia muda, mara upesi mara kwa kuchelewa, ndege wasizoee. Basi ikabaki chipu ya kuiendesha hiyo mota. Aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo.

Rafiki yake Beatus, fundi mwenzake aliyefuatana naye, aliikataa palepale.

"Mota ikikwama, hii inaungua. Jumamosi ijayo nitakuletea kubwa."

"Mama mkwe hawezi kungoja Jumamosi," Fulgence akasema.

Akaijaribu uani, jua la saa saba, kamba kavu kabisa. Makopo yaligonga hadi kuku wakatawanyika. Aliigusa chipu, akasema ina joto kidogo tu, akacheka kwa raha. Nami nikafunga kanga zangu kwenye mkoba, moyo umetulia.

Jumapili alfajiri tukaifunga shambani. Kamba ya katani ilikuwa imekunywa umande, imelala juu ya masuke, nzito. Mota ikaunguruma bila kuzunguka. Harufu ya kuungua ikatufikia, na Fulgence alipoigusa chipu ikamchoma kidole.

"Umande, Fulgence. Umande hukuufikiria?"

Akajibu kwamba hakuna aliyemwambia. Jamani! Mtu mzima aambiwe kwamba alfajiri kuna umande!

Nilimwomba abaki yeye aamie, mimi niende. Akasema kiwanda kinawashwa wiki hiyo, asiyeonekana kazini anafutwa. Nilimchukia, na nilijua hasemi uongo. Jioni akapanda basi la Kidatu kichwa chini, nami nikarudi juu ya dungu, kichanja changu cha kuamia, na kombeo langu.

Jumanne mdogo wangu Kelestini alitokea kwenye tuta, kofia mkononi. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia kutoka kulekule juu, maana ndege walikuwa wanatua upande wa mtoni.

"Dada, shuka kwanza."

"Siwezi. Sema."

"Mama tumemzika jana. Alikuita mpaka sauti ikakatika."

Nililia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ndege wakaruka shamba zima, hata wa kwa jirani. Kelestini akaketi kwenye tope akajifunika uso, nami nikalia hadi koo likakauka, nikanyamaza.

Nilipofuta macho ndege walikuwa wameshatua tena. Nikatia donge la udongo kwenye kombeo.