Duara la Nanga

Siku Salhiya alipokifunga kile kidude kwenye yoti, Jaku alilala mpaka jua likampiga usoni. Mumewe huyo alikuwa mlinzi wa yoti ya mgeni mmoja aliyerudi kwao, iliyotia nanga mbele ya Mangapwani, na humo ndimo alimoishi. Kabla ya hapo usingizi wake ulikuwa wa kuibia. Upepo ukibadilika tu, ametoka kutazama kama nanga imeng'oka ikakokota. Salhiya, fundi simu wa Darajani mwenye mikono isiyotulia, alichoka kumwona na macho mekundu. Akatafuta kidude kinachosoma setilaiti, akakitia laini, akachora duara kwenye ramani ya simu yake. Yoti ikitoka nje ya duara, simu inapiga king'ora, hata kama mwenyewe yuko mjini, naye anampigia mumewe aamke.

"Duara lisifike mwambani," Jaku alimwambia, akimwonyesha povu jeupe kwa mbali. "Na sauti usiizime hata siku moja. Mimi nikilala, roho yangu nshakupa wewe uishike."

Salhiya akaapa.

Wangestarehe, lau fundi wetu angekumbuka jambo ambalo kila mtoto wa pwani analijua. Duara alilichora wakati wa maji mafu, bahari imetulia. Likaja bamvua, maji yakavuta kwa nguvu, yoti ikawa inazunguka nanga yake kwa mapana, na simu ikakosa adabu. Ililia sokoni, ililia chooni, na mara zote nanga ilikuwa pale pale. Ikalia na siku ya hitima ya marehemu dada yake Bi Mwanapili, yaani mama yake Jaku, katikati ya Yasin, wanawake wamejaa ukumbini. Bi mmoja alidhani ni gari la zimamoto, akainuka kutafuta viatu. Bi Mwanapili aligeuka. Alimtazama tu, na Salhiya alitamani sakafu ipasuke aingie.

Leo ilikuwa arobaini ya marehemu, nyumbani kwa Bi Mwanapili hapo hapo Mangapwani.

"Marahaba, mwanangu," Bi Mwanapili alimwitikia mlangoni, kisha akapunguza sauti. "Leo nistiri. Kidude chako kisije kikanitia aibu tena mbele za watu."

"Hakitalia, mama."

Kuzima sauti hakuweza, maana aliapa. Basi akajiona mjanja. Aliingia chumbani, akalivuta duara kwa kidole, likapanuka, likaumeza na mwamba. Roho ilimshtuka kidogo. Ni kwa leo tu, akajiambia. Nanga yenyewe haijapata kukokota. Jaku alikuwa amekesha kwa ajili ya upepo, akaaga kwamba atalala mchana, aje wakati wa pilau.

Kisomo kikaanza. Upepo ukazidi kukaza, turubai la uani likawa linapiga, bati la jirani linagonga. Simu mapajani ilikuwa kimya. Bi Mwanapili alimtazama kutoka upande wa pili, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba. Salhiya naye akatabasamu. Kila turubai lilipopiga aliitazama simu, nayo ikamwandikia kwa kijani: Chombo kiko salama.

Pilau ikapakuliwa. Jaku hajaja. Akampigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Akafungua ramani. Kitone cha yoti kilikuwa mbali na katikati, karibu na ukingo wa duara, wala hakikusogea. Siku ya bamvua chombo chenye nanga hakitulii hivyo.

Alitoka bila viatu, Bi Mwanapili nyuma yake akiuliza kuna nini. Ufukweni watu walikuwa wameshateremsha ngalawa, wanapiga kafi kuelekea mwambani. Yoti ilikuwa imelala ubavu pale penye povu, mlingoti umeinamia baharini, na chumba cha kulala kilikuwa upande wa chini, ndani ya maji.

"Kwani hakikulia?" Bi Mwanapili aliuliza. Alimshika bega, akamtikisa. "Kidude chako, Salhiya. Hakikulia?"

Salhiya alifumbua kiganja, akamwonyesha. Sauti ilikuwa imewashwa mpaka mwisho, na maandishi yalikuwa yale yale ya kijani.