Ekari ya Mars Huko Moiben

Jumatatu ya mwisho ya Februari, katika hoteli moja ya chai pale Moiben, Mzee Okello aliandika mkataba wa shamba kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa amefanya ukarani katika kiwanda cha nguo mjini Eldoret miaka thelathini na mitatu, na mwandiko wake bado ulikuwa wa kupendeza. Binti yake Rosebella, mchoraji, alikuwa anakodi ekari moja kutoka kwa Kipkorir, mfugaji wa hapo, kulima mahindi, msimu mmoja. Siku ya kuisha msimu haikuandikwa, kwa sababu huko kila mtu anaijua: ni siku ng'ombe wa mwenye shamba wanapoingia kula mabua. Wakatia sahihi, wakamaliza chai.

Rosebella hakuwa na haja na mahindi. Alikuwa na wazo lake, na majirani wote wa kwao Yamumbi alikuwa ameshawachosha nalo: kwamba wataalamu wanahangaika kuwapeleka watu Mars, ilhali hakuna aliyejaribu kulima ardhi ikae kama Mars, aone kama Mars haitakuja yenyewe. Alimpa Wabuge, dereva wa trekta, mchoro wenye mabonde makavu na shimo moja kubwa la kimondo, kila kitu kwa vipimo.

Wabuge aliugeuza mchoro mara mbili. "Madam, hiki kichuguu nikizunguke ama nipite nacho?"

"Pita nacho."

Alilima siku mbili. Siku ya tatu ekari ile ilikuwa Mars. Mbingu ya juu yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na jua lilipotua hapo lilitua la buluu, huku shamba la jirani likipata machweo yake ya kawaida. Hewa ilibaki ya Moiben, jambo ambalo Rosebella alilihesabu kuwa kasoro ya kazi yake.

Mzee Okello alikuja kuitazama kazi hiyo. Tangu astaafu magoti yalikuwa yamemgomea, na kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari ya kuombewa. Alipita lango la seng'enge, akapiga hatua moja, akajikuta ameruka mtaro. Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Chepkoilel alileta mizani: nje ya seng'enge mzee alikuwa kilo sabini na nane, ndani ishirini na tisa na nusu. Mwalimu akaandika, akauliza shamba ni la nani, akaenda kumshukuru Kipkorir.

Tangu hapo mzee alikuja kila siku. Alizunguka ukingo wa shimo mikono nyuma, kama mkaguzi aliyetumwa na serikali, akifika upande wa pili kabla Rosebella hajamaliza kufungua chupa ya chai. Rosebella alifurahi mpaka akaogopa. Miaka yote aliyochora, hakuwahi kutengeneza kitu kilichomfaa mtu namna ile.

Tatizo likawa karatasi. Mvua ilipokaribia, Mzee Okello alimkumbusha kwamba iliandikwa mahindi.

"Baba, tukiacha hivi hakutakuwa na mabua. Ng'ombe wataingia kula nini? Msimu hautaisha."

"Ni mimi niliandika," mzee akasema. "Sasa niwe wa kwanza kuvunja? Watasema ndio tabia yetu, watu wa kutoka ziwani."

Rosebella alimjua babake, akanunua mbegu. Mahindi hayakuwa na uzito wa kuyazuia, yakarefuka kupita nyaya za stima, na Novemba yakavunwa kwa ngazi.

Jumamosi iliyofuata Kipkorir alifika na ng'ombe saba. Rosebella alikuwa amesimama langoni.

"Tuongezee msimu mmoja," akamwambia. "Sio kwa ajili yangu. Unamwona mzee vile anatembea."

Kipkorir hakuwa mtu mbaya. Alimtazama mzee, aliyekuwa akishuka bonde kwa mikogo, akatabasamu. "Nimeona, na nimefurahi sana. Lakini hii nimetengea ng'ombe. Na nyinyi si mko na kwenu huko ziwani? Akili yako hakuna mtu amekunyang'anya. Mlimie huko."

"Huko hatuna hata pa kuweka kiti. Baba amekaa hapa miaka arobaini na moja."

"Eeh, najua," Kipkorir akasema kwa upole, akaendelea kungoja lango lifunguliwe.

Aliyelifungua ni Mzee Okello mwenyewe, kwa kuwa ndivyo walivyokubaliana. Ng'ombe waliingia, wakaruka mitaro bila taabu, wakaanza kula. Rosebella alitaka kulia, akashindwa kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa mwenye shamba au kwa mwenye mwandiko mzuri.

Kisha mzee akatoka. Uzito ulimrudia wote kwa pamoja, magoti yakakunjika, na Rosebella akamdaka makwapani. Kipkorir alikuja mbio akashika upande wa pili, akampa mzee pole, akarudi kwa mifugo yake. Baba na binti wakabaki wamesimama kando ya barabara, wakingoja mzee azoee tena kuwa mzito.