Chini ya Mstari wa Buluu

Kahindo aliingia katika chumba cha michezo cha Rodrigue, pale Birere, mjini Goma, kuchaji simu tu. Kwao Ndosho umeme ulikuwa umekatika, na mjane asiye na simu ni kama amezikwa pamoja na mumewe. Alikuwa bado mlangoni, kitambaa cheusi kichwani, aliposikia ule muziki.

Ulikuwa muziki wa *Jibu Upesi*, emisyo ya maswali ya televizyo, kipindi ambacho Florent, mume wake, hakukikosa hata Jumapili moja. Alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha plastiki, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akijibu kabla ya washindani wenyewe kufungua kinywa. Akipata, alijipiga paja na kumwambia mke wake kwamba kiti cha televizyo kinamngoja. Tangu afariki, Kahindo hakuwa amewasha televizyo.

Sasa emisyo nzima ilikuwa kwenye ukuta wa Rodrigue, ikimulikwa kwa projekta, imegeuzwa mchezo wa video. Rodrigue, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta, alikuwa ameomba ruhusa kwa wenye televizyo akaiunda mwenyewe: viti vilevile, taa zilezile, na Havugimana, mtangazaji, amechorwa na tai yake pana, akiongea kwa sauti yake halisi. Wateja walikaa juu ya makasha ya bia yaliyopinduliwa, wakashika manete, vile vidude vya kubonyezea, wakawa washindani. Kahindo alitaka kutabasamu. Ilikuwa kama Florent ameingia na beseni lake.

Halafu likaja swali. *Hewa imekuwa mbaya. Unafanya nini? A: Ninainama chini. B: Ninapanda juu.*

Mchezaji hakufikiri hata kidogo. Alibonyeza A. Taa zikawaka, na sauti ya Havugimana ikasema, "Vizuri sana, rafiki."

Kahindo alishika mwimo wa mlango.

Mtu yeyote aliyekulia Goma anajua mazuku. Ni hewa inayotoka ardhini, kwenye mawe ya volkano. Haina rangi, na kwa kuwa ni nzito hulala mabondeni na mashimoni kama maji yasiyoonekana, hasa asubuhi upepo ukiwa bado haujaamka. Aliyesimama anaweza kupona. Anayeinama hainuki. Florent alikuwa na mbuzi aliyefungwa karibu na shamba lao, nje ya mji. Asubuhi ile alimkuta mbuzi amelala ndani ya shimo, akashuka, akainama kufungua kamba. Hayo tu. Aliyemtoa ni Théoneste, jirani yao, mwendesha pikipiki, aliyebana pumzi, akashuka wima, akamfunga Florent kamba ya mizigo chini ya makwapa na kumvuta kutoka juu. Siku ile Théoneste alilia uani kwa Kahindo mpaka wanawake wakamletea maji.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba swali lenyewe alilikumbuka. Katika emisyo Havugimana alikuwa ameuliza juu ya nyumba inayowaka moto: moshi umejaa ndani, utatokaje? Jibu lilikuwa kutambaa chini, na Florent alilipata. Moshi hupanda, mazuku hulala. Ni vitu viwili. Lakini kisanduku cha maandishi katika mchezo kilikuwa chembamba, na Rodrigue alikuwa amelikata swali ili litoshe. Alikata nyumba, akakata moto, akakata moshi. Akaacha hewa mbaya, katika mji huu.

Kahindo alimwambia Rodrigue siku ileile, kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kwamba kifungo chake kimefunguka. Rodrigue alisikiliza, akampa pole ya Florent, kisha akacheka kidogo, akimwita kwa jina la mtoto wake.

"Mama Charline, kila mutu hapa anajua mazuku. Nani atadanganywa na muchezo?"

"Kama kila mutu anajua, mbona wote wanabonyeza A?"

"Kwa sababu A ndiyo inaleta pointi."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hapo ndipo hasira ya Kahindo ilipozaliwa hasa. Angekuwa mjinga, angemfundisha. Mtu anayejua na bado anauza, utamfundisha nini? Rodrigue aliongeza kwamba maswali ni mali ya televizyo. Yeye hawezi kubadilisha hata nukta.

Kahindo akaenda televizyo. Havugimana alimpokea katika korido, poda ya kamera bado usoni, akamwita mama, akamshika mikono yote miwili. Alieleza kwamba yeye aliuliza juu ya moto, na hata mkanda upo; aliyekata ni mwenye mchezo, basi aende kwa mwenye mchezo. Kisha akampa zawadi: kalenda yenye picha yake mwenyewe anacheka. Kahindo alitembea nayo mpaka kwenye rundo la takataka la kwanza.

Aliporudi Birere, Rodrigue alikuwa na jibu jipya. Kugusa swali moja ni kufungua mchezo mzima, na Jumamosi kuna mashindano: atakayeshinda atakwenda kukaa kwenye kiti chenyewe, mbele ya kamera. Baada ya hapo ataangalia. Mama awe na subira.

Subira! Wanaokanyaga mguu wako ndio wanaokuhubiria subira. Kahindo alirudi nyumbani akaosha sufuria zilizokuwa safi.

Jumamosi mchana alikwenda. Chumba kilijaa mpaka barabarani, watoto wamekaa chini mbele kabisa, karibu na ukuta. Kila swali walilijibu pamoja kwa sauti, na lile la hewa lilipofika walipiga kelele kama kwaya: A, A, A. Kahindo alitazama midomo yao midogo. Hawa hawakuwa wanajua na kuuza. Hawa walikuwa wanajifunza.

Aliyeshika manete wakati ule alikuwa Théoneste.

Alikuwa amefika mbali; walibaki wachache tu mbele yake. Kahindo alisogea ili aonekane, na Théoneste alimwona. Kidole chake kilisimama. Watu wakamhimiza, mmoja akamuuliza kama anangoja petroli. Théoneste akarudisha macho ukutani, akabonyeza A.

"Vizuri sana, rafiki," ikasema sauti ya Havugimana.

"Théoneste," Kahindo akasema. Hakupaza sauti, lakini kitambaa cheusi kina sauti yake, na watu wakageuka. "Florent ulimutoa wapi?"

"Mama Charline, hii ni muchezo tu."

"Nimekuuliza ulimutoa wapi."

"Chini."

"Na sasa umebonyeza nini?"

Théoneste aligeukia ukuta kungoja swali linalofuata. Nyuma mtu akanung'unika kwamba mambo ya matanga yabaki kwenye matanga. Rodrigue akaongeza sauti ya muziki. Théoneste ndiye aliyeshinda. Walimbeba mabegani mpaka nje, akipita juu ya kichwa cha Kahindo bila kumtazama.

Kahindo hakulala vizuri, wala hakulia. Machozi alikuwa nayo kwa ajili ya Florent, hakutaka kumpotezea Rodrigue hata moja. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la rangi ya mafuta, ya buluu, iliyobaki walipopaka msalaba wa kaburi. Jumatatu asubuhi alilichukua pamoja na brashi, akapanda pikipiki mpaka Birere, na Rodrigue alipokuwa anafagia, akaingia akaanza kazi.

Florent alikuwa mrefu. Kifua chake kilikuwa sawa na bega la Kahindo. Alijua hivyo kwa sababu ndipo alipokuwa akiegemeza shavu lake. Théoneste alikuwa amewaeleza kwamba mule shimoni, hata kama Florent angebaki wima, hewa ingemfika kifuani. Basi Kahindo aliweka brashi ukutani kwenye usawa wa bega lake na kuvuta mstari. Ulizunguka chumba chote, ukapita juu ya soketi, juu ya picha za wachezaji wa mpira, ukakata ukuta mweupe wa mchezo katikati, pale ambapo tai ya Havugimana hutokea.

Rodrigue alipiga kelele. Alisema ataita polisi, alisema ule ni ukuta wa kupanga, mwenye nyumba atamfukuza. Lakini hakumshika mkono. Nani atamshika mkono mjane wa matanga mbele ya Birere nzima, na akina mama wa soko wameshasimama mlangoni? Kahindo alimaliza pembe ya mwisho, akaandika chini ya mstari kwa herufi kubwa: FLORENT ALIFIA HAPA CHINI. HEWA MBAYA IKO CHINI. PANDA JUU.

Wateja wa kwanza waliingia, wakasoma, wakakaa juu ya makasha yao. Vichwa vyote vilikuwa chini ya mstari. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja alivuta shingo, kama anatafuta pumzi, kisha akacheka kwa aibu.

Théoneste alifika kujizoeza kwa ajili ya televizyo. Alikaa, akapokea manete, ndipo akauona mstari umepita juu ya kichwa chake. Alisoma jina. Akasimama, akacheza amesimama, swali baada ya swali, na lile la hewa lilipokuja, vidole vyake vikakaa kimya. Saa ya mchezo ikahesabu mpaka ikaisha.

"Umekosa, rafiki," ikasema sauti ya Havugimana.

"Kwa nini hukubonyeza?" Rodrigue akauliza. "Unaijua."

Théoneste akamnyooshea manete. "Bonyeza wewe."

Rodrigue alikuwa ameketi juu ya kasha karibu na waya zake, chini ya mstari kama wengine. Aliipokea manete, akamtazama Kahindo, akatazama watu, na kidole hakikujua pa kwenda. Hakuna aliyemsaidia.

Kahindo hakungoja. Hasira yake ilikuwa bado nzima, haijapungua hata kijiko. Alitikisa kopo, akasikia rangi ikicheza ndani, akatoka kwenda kwenye ukuta wa nje, ule unaotazama barabara.