Msamaha wa Bosi Tai

Siku ya nne tangu agongwe na gari, saa ya kuona wagonjwa, fundi cherehani alimwona Bosi Tai akiingia wodini na mfuko wa machungwa. Mkono wa kulia wa fundi, ule wa kukatia vitambaa, ulikuwa umefungwa plasta mpaka begani. Na huyu aliyeuvunja, na tai yake shingoni, alikuwa amewaambia trafiki kwamba fundi alijitupa barabarani mwenyewe.

"Pole, mama," alisema, akatoa karatasi. "Tia saini hapa kwamba umenisamehe, mambo yaishe."

Wifi yake, aliyeketi pembeni mwa kitanda, alimfinya mguu. "Usithubutu!"

"Niache, wifi. Kinyongo cha nini?" Hasira alikuwa nayo tele, ila aliipiga pasi kwanza. "Lakini baba, mbona hujaandika nakusamehe nini? Andika vizuri. Siku, saa, ulivyonikuta."

Bosi Tai hakuamini bahati yake. Akavuta stuli, akageuza karatasi na kuanza kuandika.

"Nilikuwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, au siyo? Na taa yako ilikuwa nyekundu. Na simu sikioni mwako."

Kalamu ilisita kwenye neno simu.

"Andika yote, baba, nisije nikasamehe nusu."

Akaandika. Kwani karatasi si angeondoka nayo mwenyewe mfukoni? Akatia saini yake ndefu yenye mikia. Wifi naye akasaini kama shahidi, amebinua midomo, kisha akabaki ameishika karatasi.

"Haya, zamu yako, mama."

Fundi akainua plasta. "Kwa mkono upi?"

"Basi hata dole gumba la kushoto."

"La kushoto lipo. Msamaha ndio haupo."

Wifi ndipo alipoelewa. Akaikunja karatasi, akaisokomeza kifuani. Bosi Tai alinyoosha mkono, akaurudisha haraka. Wifi alikuwa amesimama, na si mwanamke mdogo.

"Mama, tulikubaliana!"

"Mpelelezi anakuja saa kumi kuchukua maelezo yangu. Alisema ni neno langu dhidi ya lako. Leo tunasema neno moja, mimi na wewe. Msubiri, si unataka mambo yaishe?"

Fundi alimtazama akitokwa jasho, akaona raha ambayo hakuionea haya hata kidogo. Bosi Tai akageuka kuondoka.

"Na machungwa yako beba," alimwita. "Sina mkono wa kumenyea."