Siku Monseigneur Alipobweka

Monseigneur alisimama katikati ya tope, akainua mguu mmoja wa mbele, akanusa. Nilishika kamba yake ndefu kwa mikono miwili. Nyuma yangu mdogo wangu Eulalie alikuwa na rozari mkononi, hasali, na nyuma yake ukoo mzima wa mume wake umesimama unatutazama.

"Kama anabweka, yaya?" Eulalie aliniuliza mimi, mkubwa wake.

"Kama anabweka, utajua."

"Na kama habweke?"

"Basi bwana yako iko Shabunda, anachimba zahabu, na mi mwenyewe nitaenda kumuvuta masikio."

Alicheka kidogo. Ndivyo alivyotaka, maskini: mume wake awe amemwacha.

Mbwa huyo niliachiwa na Claudia, daktari wa wanyama, Mjerumani, jirani yangu huku Ibanda, siku alipofunga masanduku mbio mbio akarudi kwao. Kwao ni mbwa wa wawindaji. Kazi yake ni kufuata harufu ya mnyama aliyejeruhiwa akatoroka. Mimi nilikuwa natafuta mbwa wa kuwatisha wezi wanaoiba marmite za kupikia. Lo! Nikapata mnyama mwekundu wa rangi ya tofali, kifua kipana, masikio mapana yaliyolegea, na uso mweusi kama amechungulia ndani ya gunia la makaa. Paji lake limejaa mikunjo. Hata akishiba vipi, anakutazama kama amekuja kukupa pole ya msiba.

Jirani yangu Zagabe alimwona mara moja tu, akambatiza.

"Huyu ni Monseigneur, askofu kabisa," alisema. "Anangojea tu tumubusu pete."

Wageni hakuwabwekea, hakuwauma, wala hakuwachangamkia. Aliwageuzia kichwa pembeni, basi. Mbwa wa namna ile ana mtu wake mmoja. Alimngojea Claudia langoni muda mrefu, halafu akaamua mtu wake ni mimi. Maoni yangu hakuyauliza. Na Claudia alikuwa ameniambia neno moja ambalo nililichekea: "Anabweka tu akimukuta munyama amekufa. Anakaa pale pale, anabweka mupaka ufike."

Mugisho, mume wa Eulalie, alipotea jioni ile mvua iliposhusha kilima kule Kadutu wanakokaa. Asubuhi yake waligombana. Alitoka akipiga kelele kwamba anakwenda zake Shabunda, atarudi akiwa na pesa au hatarudi. Watu wakachimba tope mpaka wakachoka. Mwengine akasema alimwona Kavumu, anasubiri ndege. Hapo mtaa ukapata maneno: ulimi wa Eulalie ndio uliomfukuza.

Mama mkwe wake, Consolate, hakukubali. Mwanawe yuko chini ya tope, alisema, na asiyepatikana huzikiwa mgomba, ili msiba upate kaburi. Akakata mgomba, akautandikia kitambaa cheupe. Eulalie akaja akaukalia.

"Muzike na mimi," alisema, na hakuna aliyeweza kumwinua.

Nilimkuta hapo hapo. Aliponiona akasema, "Yaya, leta ile imbwa yako." Nilimwambia yule amefundishwa wanyama, si watu. Hakuondoka juu ya mgomba. Nilimwogopea mdogo wangu siku ile, nilimwogopea sana.

Kwa hiyo tulimnusisha Monseigneur shati la Mugisho ambalo halijafuliwa. Hakuharakisha. Alishuka ukingoni mwa tope kuelekea barabara kubwa, njia ya mtu anayeondoka, na nikasikia Eulalie anavuta pumzi. Kule chini mbwa akazunguka, akarudi alikopita, akazunguka tena. Wajomba wa Mugisho wakaanza kunong'ona. Yeye hakuwajali. Kisha akageuka, akaanza kupanda, pua chini, akinivuta taratibu mpaka kwenye kona iliyo chini kidogo ya nyumba ya Eulalie. Akakwaruza. Akakaa. Akanitazama.

Akabweka.

Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, na haikukoma mpaka nilipofika nikamwekea mkono shingoni. Wanaume wakaleta majembe. Walichokiona sitakisimulia. Ila alikuwa karibu na mlango wake hivi kwamba ungemwita kutoka ndani, angeitika.

Eulalie hakupiga yowe. Alimfuata Consolate, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, alikuwa anapanda," alisema. "Alikuwa anarudia kwangu."

"Nilikuambia, mutoto wangu," Consolate alijibu, na ndipo wakalia wote wawili.

Ule mgomba ulibaki umeegemea ukuta mpaka mbuzi wakaumaliza. Monseigneur hajabweka tena. Majuzi wezi wamenibebea marmite kubwa mchana kweupe, yeye amelala pale pale, amewageuzia kichwa. Zagabe haishi kuniuliza mbwa wa namna hii namfugia nini.

Ninamwambia akamuulize Eulalie.